Kabla Hujanunua Ile Skana

Dukani, Majengo,
Songea.
Saa tisa alasiri.

Editha mwanangu,

Mama yako yuko nyumbani anakukunjia nguo kwa mara ya tatu, na najua ameshakwambia usimwachie mtu begi lako stendi, usipokee simu barabarani ukifika Dar, na ule vizuri. Yote ni kweli, mimi sina la kuongeza hapo. Nimekaa nyuma ya kaunta naandika. Mteja mmoja ameingia na sabufa inayokoroma, nimemwambia arudi Jumatatu, akanitazama kama anayejiuliza leo fundi amekula nini.

Juzi mezani ulinionyesha kwenye simu yako picha ya skana inayouzwa Kariakoo. Ukaniuliza, "Baba, muuzaji anasema hii inanasa kila kitu. Niichukue nikifika?" Nikaguna, nikaendelea na ugali wangu. Nilikuona ulivyonyong'onyea. Ulidhani sijaipenda kazi unayoiendea. Mwanangu, unaenda kujifunza kwenye karakana ya watu wanaofunga simu za upepo kwenye malori na magari ya wagonjwa, kazi ileile iliyokusomesha. Nitaachaje kuipenda? Niliguna kwa sababu swali lako lina jibu refu, na katikati ya jibu hilo kuna jambo nimekuficha tangu ukiwa darasa la nne.

Nianze na muuzaji, maana huyo ni rahisi.

Simwamini. Mtu anayesema chombo kinanasa kila kitu ama hajui anachouza, ama anajua vizuri sana. Skana ni sikio tu. Inapita masafa moja baada ya jingine, ikikuta mtu anaongea inasimama, unamsikiliza. Zamani ilitosha, kwa sababu kwenye analogi sauti ilikuwa inaruka hewani kama ilivyo, ukiyapata masafa ya mtu umemsikia mpaka kikohozi chake. Siku hizi sauti inageuzwa tarakimu kwanza, inarushwa, halafu redio ya upande wa pili inairudisha kuwa sauti. Skana ya analogi ikikutana na hiyo inakupa mkoromo tu, krrrrr, kama mashine ya kusaga inayozunguka bila mahindi. Na usidhani ukiambiwa "hii ni ya dijitali" mambo yamekwisha. Dijitali ziko namna nyingi, na skana inayoielewa namna moja inaweza kuwa kiziwi kabisa kwa nyingine. Tena mawasiliano yakishafungwa kwa ufunguo wa siri, hakuna skana ya dukani itakayoyafungua. Anayekwambia anayo anakuibia au anakutafutia kesi.

Kwa hiyo usinunue kesho wala wiki ijayo. Fanya kazi kwanza, ujue wateja wa hapo karakana wanatumia redio za namna gani, maana wengi bado wako katikati, lori moja la zamani na jingine jipya. Halafu omba redio mbili za kazi, moja ya analogi na moja ya dijitali, uende nazo kwa huyo muuzaji. Mwambie awashe skana mbele yako. Ongea kwenye redio, ujisikie mwenyewe ukitokea kwenye spika. Akianza kusema betri imeisha, au fundi wake ametoka kidogo, muage. Zile za mtumba zitazame mara mbili, nyingine zilitengenezwa kwa nchi nyingine na kuna vipande vya masafa vimekatwa humo ndani, kwa nje huwezi kujua. Antena usiidharau. Na bosi wako akupe karatasi inayosema chombo hicho unakitumia kwa kazi gani, na kwa ruhusa ya nani. Mambo ya polisi usiyasikilize hata kama yanasikika.

Najua unacheka. Unasema baba ana shaka hata na chumvi. Basi cheka sasa, maana nikimaliza sidhani kama utacheka.

Jana jioni nilikuwa naosha miguu pale bombani, wewe ulikuwa nyuma ya nyumba unaongea na simu. Sikukusudia kusikiliza. Hapana, ngoja niseme ukweli, nilifunga bomba ili nisikie vizuri. Ulisema, "Baba asijue kwanza. Nikishafika nitamwambia mwenyewe." Ukanyamaza, huyo wa upande wa pili akaongea sijui nini, ukacheka, ukasema, "Hata sakafuni nitalala, we usijali."

Mwanangu, kufika asubuhi, kichwani mwangu nilikuwa nimeshakuoza kwa dereva wa lori mwenye wake wawili. Nilikuwa nimeshaifuta hiyo karakana, nikasema haipo, ni jina tu. Nilimtazama mama yako akimimina chai nikaona naye anajua, mmekula njama. Ulipoenda kuoga, simu yako ilikuwa juu ya meza. Niliishika, Editha. Niliishika, nikaigeuza, kioo kikawaka. Kisha nikairudisha palepale, nikavaa kofia nikaja huku dukani bila kunywa chai.

Niliirudisha kwa sababu nimeshawahi kusikia upande mmoja wa maneno, na upande wa pili nikautunga mwenyewe. Hilo ndilo jambo nililokuficha.

Unamkumbuka Kastori. Baba yake Suzana, yule uliyekuwa unakaa naye dawati moja, aliyekuwa anakuja kwetu kila Jumamosi kusuka nywele. Kastori alikuwa mtu wa redio kwenye ofisi ya kampuni moja ya malori ya makaa ya mawe hapa mjini, na mimi nilikuwa fundi wao. Alikuwa rafiki yangu. Redio ikiharibika huko njiani aliniita, tukaenda pamoja, tukarudi tumejaa vumbi tukala kwake au kwangu bila kuulizana ni zamu ya nani.

Kampuni ikaanza kuhamia dijitali. Mafundi wakaja kutoka Dar na maboksi yao, vijana wasafi. Sikuitwa hata kushika ngazi. Kastori alikaa nao siku nzima, akawachukulia chakula, akacheka nao, na jioni aliniambia, "Fundi, hizi mpya ni kompyuta tupu." Nilimsikia vibaya. Niliona ananitangazia kwamba mimi nimekwisha. Kumbe angeweza kuwa anashangaa tu, kama mtu yeyote.

Nilikuwa na skana hapa dukani, ya mtumba, ya analogi. Kazi yake ilikuwa kupima redio za wateja. Lakini tangu wale vijana waje, nilianza kuiacha wazi kutwa kwenye masafa ya ile kampuni, nimsikie Kastori anasema nini kuhusu mimi. Nilijiambia ni kazi. Siku tatu nzima sikusikia jina langu, na badala ya kutulia nikazidi kushuku, nikasema wanaogopa kulitaja.

Siku ya nne, asubuhi, likatajwa. Ofisini bado waliongea kwa analogi ili malori ya zamani yawasikie, lakini lori lililokuwa linaita lilikuwa limeshafungwa redio mpya. Redio ya ofisini ilielewa zote mbili, kwa hiyo Kastori alikuwa anamsikia dereva vizuri. Mimi nilimsikia Kastori peke yake, na dereva akawa mkoromo. Nakuandikia kama nilivyosikia, maana sijasahau hata neno.

"Nimekupata. Fundi asijue kwanza. Ova."

Krrrrr.

"Hapana, hapana, asiambiwe kwenye simu. Nitamfuata mwenyewe dukani. Ova."

Krrrrrrr.

"Watu nitawakusanya mimi. Na bosi wa Makambako nitamwarifu. Kesho saa nane, nimekupata. Ova."

Nikasema ndiyo hiyo, kesho saa nane wananifukuza, na rafiki yangu ndiye anayekusanya watu wa kushuhudia. Nilikuwa na malalamiko yangu nimeshayaandika siku mbili kabla, kurasa tatu. Nikayatia kwenye bahasha.

Nusu saa baadaye nilimwona Kastori anakuja. Nilikuwa nimeegesha mlango, nikamchungulia. Alikuwa amevua kofia ameishika mkononi, anatembea polepole. Mtu mwingine angeuliza, kwa nini huyu amevua kofia? Mimi nilisema, anaona aibu kwa anachokuja kunifanyia. Akagonga, "Hodi fundi. Fundi, twende nyumbani mara moja." Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikapita katikati ya mafundi cherehani, nikadaka bodaboda mpaka stendi. Nikazima simu ili wasinipigie kunilainisha. Nikapanda basi la Makambako, kwenye ofisi kuu ya kampuni, kumwahi bosi kabla hawajaniwahi.

Editha, bibi yako alikuwa amefariki alfajiri ya siku hiyo.

Unajua kule kwetu upande wa Mbinga, bondeni, mtandao ulikuwa wa kupanda mlima. Baba yako mdogo alitoka mpaka barabarani, akasimamisha lori la kwanza la kampuni alilolijua, akamwomba dereva afikishe habari Songea kwa Kastori, kwa kuwa Kastori ni mtu wangu. Na Kastori alifanya kile ambacho wewe, mimi na kila mtu hapa tungefanya. Sisi hatumpigii mtu simu kumwambia mama yake amekufa. Anafuatwa, anapelekwa nyumbani bila kuambiwa kitu, anakuta watu wa jumuiya ya kanisa wameshakaa, anapewa kiti, ndipo anaambiwa na mtu mzima. Mimi mwenyewe nimeshafuata watu namna hiyo mara nyingi, mara mbili nikiwa na huyohuyo Kastori. Nilivua kofia vilevile. Na bado siku hiyo halikunijia hata kidogo.

Makambako nilifika ofisi zimefungwa, nikalala gesti. Asubuhi nikaingia kwa bosi na bahasha yangu. Yule mzee aliinuka kwenye kiti, akazunguka meza, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana fundi. Pole na msiba wa mama. Lakini mbona uko huku?"

Nikaisukuma bahasha mfukoni. Akaniuliza tena, "Kastori hakukwambia?"

Hapo ndipo nilipokosa, mwanangu, kuliko mahali pengine popote. Yale mengine yote mtu anaweza kusema nilichanganyikiwa. Hapo sikuchanganyikiwa. Nilikuwa nimeshaelewa kila kitu. Niliona aibu ya kusema nilimkimbia mtu aliyekuja kunichukua kwa ajili ya msiba wa mama yangu, nikasema, "Kastori ndiye aliyenituma huku. Alisema kuna redio ya kutengeneza."

Bosi alisonya kwa uchungu, akanipa gari na dereva. Njia nzima dereva alikuwa anamlaani Kastori kwa niaba yangu, na mimi nilikuwa naitikia.

Kufika kijijini, watu walikuwa wananawa mikono. Mazishi yalikuwa saa nane, walinisubiri mpaka saa tisa, wakaona mvua inakuja wakazika. Wewe ulikuwa umeshika gauni la mama yako, una udongo kwenye vidole, kwa sababu wajukuu wote mliweka udongo. Mimi sikuweka. Baba yako mdogo akaniuliza nilikuwa wapi, nikarudia yaleyale. Mara ya pili ilitoka kwa urahisi zaidi. Nililia mpaka nikachoka, nikajisikia kama mtu aliyeonewa kweli.

Jumuiya ilimwita Kastori. Nilikuwepo, nimekaa kwenye mkeka. Mwenyekiti akamuuliza kama ni kweli alimtuma mfiwa kazini akijua kuna msiba. Kastori alinitazama. Angeweza kusema alikuja kugonga kwangu, mafundi cherehani wanajua nilipita wapi. Alisema tu, "Mimi siwezi kubishana na mtu aliyefiwa. Kama fundi amesema hivyo, basi." Akaomba aachie ukatibu wa jumuiya, wakamkubalia siku ileile.

Nilijiambia nitalisema msiba ukipoa. Kisha nikasema baada ya arobaini. Kisha nikasema baada ya mwaka, na mwaka ulipofika Kastori alikuwa ameshahamia Bombambili. Nyumbani nikapiga marufuku, wewe na Suzana msitembeleane. Ulilia wiki nzima. Mama yako mpaka leo anasema yule mtu ana roho ya nyoka, na mimi nakaa namsikiliza. Kanisani tukikutana, wakati wa kutakiana amani ananiinulia mkono kutoka kule alikokaa. Mimi najifanya natafuta kitabu cha nyimbo.

Na kazi ya kampuni ile niliikosa hata hivyo, mwaka uliofuata. Sikufitiniwa na mtu. Walitaka fundi anayejua dijitali, na mimi nilikuwa nimekataa kujifunza kwa hasira. Ndiyo maana ulipochagua fani hii nilifurahi mpaka nikaogopa kuonyesha.

Sasa nirudi kwenye simu yako ya jana. Nimekaa hapa tangu asubuhi nazitoa shaka zangu moja moja. Dereva mwenye wake wawili nimemwacha aende. Karakana nimekubali ipo, nilizungumza na bosi wako mwenyewe na ana kikohozi cha mtu wa kweli. Imebaki shaka moja, na hiyo haitoki. Nimesikia Suzana ni muuguzi huko Temeke na amepanga chumba. Nadhani ndiye uliyekuwa unacheka naye. Nadhani hamjawahi kuachana hata siku moja, mlikuwa mnafichana na mimi tu. Na kama ndivyo, basi umelazimika kunong'ona nyuma ya nyumba yangu mwenyewe kwa ajili ya uongo wangu, wala si kwa ajili ya kosa lako.

Inawezekana nimekosea tena. Kama huendi kwa Suzana, basi isome barua hii uiweke, tutaongea. Sitakuuliza leo wala kesho alfajiri stendi. Maswali ninayo, yamenijaa mdomoni, lakini nitameza.

Jumapili baada ya misa ya kwanza naenda Bombambili kwa Kastori. Siendi na mama yako wala padri, na jioni yake naenda kwenye jumuiya, nikae kwenye mkeka uleule niliokaa. Mama yako nitamwambia usiku wa kuamkia siku hiyo, na sijui atanifanya nini. Naogopa, nakuambia wazi. Ila Jumapili iko mbali, na wewe kesho jioni utakuwa mlangoni kwa mtoto wa mtu niliyemharibia jina. Sitaki ulale kwake kabla hajajua anamkaribisha mtoto wa nani.

Barua hii sijaifunga. Ukifika, kabla hujatua begi, mpe Suzana aisome yote. Akikwambia toka, usimbishie na usimwone mbaya. Shangazi yako wa Mbagala nimeshamwambia akutandikie kitanda. Lakini akikukaribisha ndani, muulize swali moja kwa ajili yangu: je, siku zote hizi, tangu mlipokuwa darasa la nne, yeye alikuwa anajua kwamba baba yake hakunituma?

Mimi nina shaka kwamba alikuwa anajua.

Baba yako